Mwaka Huu Umekuwa Ukiimba Nini?

Mahubiri ya Jumapili ya mwisho wa mwaka
Maandiko: Kumbukumbu la Torati 31:16–22, Wakolosai 3:16

Tumshukuru Mungu aliyetufikisha Jumapili ya mwisho ya mwaka. Wengine tulioanza nao Januari hawako tena. Wewe uko. Mwambie jirani yako, "Uko hapa kwa neema."

Wiki hizi mbili tatu vijana wetu wamekuwa wakionyeshana kitu kwenye simu. Ukiwa na zile programu za kusikiliza muziki, mwaka ukikaribia kuisha zinakuletea hesabu yako: wimbo uliousikiliza mara nyingi zaidi, mwimbaji wako wa kwanza, aina ya muziki unayoipenda, na dakika ulizotumia. Basi wanaweka kwenye WhatsApp na kuchekana. "Kumbe wewe ni mtu wa rumba!" "Na wewe, injili ilikuwa Jumapili peke yake?"

Vijana, msiogope, sikusimama hapa kuwagombeza. Nimeipenda hiyo hesabu, na nataka tuichukue sote, hata sisi wenye simu za kubonyeza. Simu imehesabu kilichoingia masikioni. Je, kilichobaki moyoni ni kipi? Usiku ule stima ilipopotea, simu ikazima, na wewe uko macho saa nane za usiku ukifikiria karo ya mtoto ama majibu ya daktari, ni wimbo gani ulikuja wenyewe bila kuitwa? Huo ndio wimbo wa mwaka wako. Huo ndio uliokulea mwaka huu.

Wimbo wa mwisho wa Musa

Fungua Kumbukumbu la Torati 31. Musa ana miaka 120. Mungu amemwambia wazi kwamba Yordani hatauvuka. Yoshua yuko tayari kushika uongozi. Sheria imeandikwa na kukabidhiwa makuhani. Ungedhani kazi imekwisha, mzee apumzike. Lakini Mungu anamwongezea kazi moja, na ukisoma kwa haraka utaipita: aandike wimbo, awafundishe wana wa Israeli, auweke vinywani mwao. Musa akauandika siku hiyo hiyo akawafundisha. Ukitaka kuusoma, uko kwenye sura ya 32.

Kwa nini wimbo, na sheria tayari iko? Mungu mwenyewe anaeleza. Anawajua watu hawa. Wataingia nchi nzuri, watakula washibe, wanenepe, halafu wamsahau. Na siku mabaya yatakapowapata, wimbo ule utakuwa bado uko midomoni mwa watoto wao, haujasahaulika. Utasimama kama shahidi.

Shika hapo. Mungu aliyemuumba mwanadamu anajua kumbukumbu ya mwanadamu. Wimbo uliofundishwa ukiwa darasa la pili unaukumbuka mpaka leo. Hotuba uliyoisikia juzi kwenye mkutano wa chama imeshapotea. Hata mahubiri ya Jumapili iliyopita, tukiulizana hapa pointi ya pili ilikuwa gani, tutaanza kutazama dari. Lakini nikianzisha wimbo mlioimba baada ya mahubiri hayo, mtaumaliza wote.

Kwa hiyo muziki unaoupenda unakufundisha, utake usitake. Unakufundisha ukiwa jikoni, ukiwa kwenye matatu, ukiwa unafunga duka jioni. Swali ni moja: umekufundisha nini? Na lingine linafuata: kama mwaka mzima umekuwa na mwalimu mmoja tu, masomo mengine umeyajulia wapi?

Paulo akiwaandikia Wakolosai anataja zaburi, tenzi na nyimbo za rohoni. Sitaki tubishane mpaka wa zaburi na tenzi uko wapi. Angalia tu kwamba anataja zaidi ya aina moja, na anazitaja mahali pamoja na neno la Kristo kukaa ndani yetu kwa wingi. Mtu hawezi kula sukuma wiki peke yake Januari mpaka Disemba akasema amekula vizuri. Wala nyama peke yake. Ndiyo sababu leo nataka tuwatazame walimu wanne ambao Mungu ameliwekea kanisa lake kwa njia ya muziki.

1. Pambio: mwalimu wa kuanza

Kutoka 15. Israeli wamevuka Bahari ya Shamu. Farao na magari yake wamebaki majini. Miriamu anachukua tari, wanawake wote wanamfuata na matari na kucheza, na yeye anawaitikia. Hilo ni pambio. Maneno machache, mtu anaanzisha, watu wanapokea.

Usidharau pambio kwa sababu ni fupi. Pambio halihitaji kitabu. Nyanya asiyejua kusoma analipata mara ya pili tu likirudiwa. Mgeni aliyeingia leo kwa mara ya kwanza, hata salamu zetu hazijui, dakika tatu baadaye anaimba na sisi kama mwenyeji. Mtoto wa miaka minne analibeba mpaka nyumbani na kulisumbua jirani. Pambio linafungulia watu wote mlango. Ndiyo maana usiku wa kesha tarehe 31 hatutaanza na kitu kirefu. Tutapiga makofi, kayamba zitalia, tutamshukuru Mungu kabla hata hatujapanga maneno ya kumshukuru.

Kuna watu waliohitaji somo hilo mwaka huu. Mtu amezoea kulalamika mpaka mdomo umejikunja. Anaanza kuimba shukrani kwa midomo tu, na katikati moyo unafika. Mungu anatumia hiyo.

Lakini endelea kusoma sura hiyo hiyo ya Kutoka 15. Baada ya wimbo wa Miriamu, walitembea jangwani siku tatu bila maji. Wakafika Mara, maji machungu. Wakamnung'unikia Musa. Siku tatu! Matari hata hayajapakwa vumbi vizuri. Watu waliocheza Jumapili wamenuna Jumatano.

Sisemi pambio lao lilikuwa la uongo. Lilikuwa la kweli kabisa, Mungu alikuwa amewaokoa. Ila pambio huwasha moto. Kuni za mwaka mzima zinatafutwa mahali pengine. Kama mwaka huu umekua kwa mapambio peke yake, unajua kuanza. Kila mwezi umeanza upya. Na ndiyo sababu tunamhitaji mwalimu wa pili.

2. Utenzi: mwalimu wa mizizi

Utenzi una beti. Beti ya kwanza haimalizi neno, inabidi ungoje ya tatu, ya nne. Hauna haraka. Kijana mmoja aliniambia, "Pasta, tenzi zinanipa usingizi." Nikamwambia, "Nakuelewa. Hata mzizi ukiutazama ukikua utalala."

Kuna familia hapa ambazo kitabu cha Tenzi za Rohoni kimekaa nyumbani mpaka jalada limekwisha, kimefungwa na gamu. Shosho alikirithi kwa mamake. Hizo kurasa zimeimbwa kwa wagonjwa, kwenye mazishi, siku ya mahari na siku ya mavuno. Ndani yake kuna damu ya Yesu, kuna msalaba, kuna ufufuo, kuna kurudi kwake. Mtu aliyekariri tenzi kumi, beti zote, amebeba mafundisho ambayo yangemchukua mwezi mzima kuyasoma darasani.

Mnaujua ule wimbo wa Ni Salama Rohoni Mwangu. Aliyeuandika kwa Kiingereza, Horatio Spafford, alikuwa wakili wa Chicago kule Marekani. Novemba 1873 mke wake na binti zao wanne walipanda meli iliyoitwa Ville du Havre kwenda Ulaya. Yeye alibaki nyuma kwa shughuli, awafuate baadaye. Meli ile iligongana na nyingine katikati ya bahari ya Atlantiki ikazama. Mama akaokolewa. Watoto wote wanne wakafa. Spafford akapanda meli kumfuata mke wake, na wimbo ule ulitoka katika msiba huo.

Sasa fikiria. Mtu wa namna hiyo anapokwambia roho yake ina amani, huwezi kumwambia hajui maisha. Maneno yake yamelipiwa. Ndiyo maana utenzi unaweza kubeba uzito. Umeandikwa na mtu aliyewahi kusimama pale uliposimama wewe, akakuachia kamba ya kushika.

Na Bwana wetu mwenyewe alifanya hivyo. Mathayo 26:30 inatuambia kwamba usiku ule wa kusalitiwa, baada ya chakula, Yesu na wanafunzi wake waliimba kisha wakatoka kwenda mlima wa Mizeituni. Desturi ya Wayahudi wakati wa Pasaka ni kuimba Zaburi 113 mpaka 118, nyimbo ambazo mtoto wa Kiyahudi alizijua tangu utotoni. Hakungoja wimbo mpya wa usiku ule. Alikuwa tayari na wimbo. Getsemane ilimkuta akiwa ameimba.

Mpendwa, Getsemane haikupi muda wa kwenda kutafuta wimbo. Inakukuta na ulio nao.

3. Maombolezo: mwalimu wa kusema ukweli

Mwalimu huyu wa tatu ndiye tunayemkaribisha kwa nadra zaidi, nasi watu wa Pentekoste hasa. Sisi tunapenda ushindi. Spika zikiwashwa ni ushindi, kibodi ni ushindi, ngoma ni ushindi. Amina, tumeokoka, tuna ushindi. Lakini fungua Biblia katikati, kitabu cha Zaburi, zaburi 150, uhesabu ni ngapi ambazo mtu analia. Ni nyingi kuliko aina nyingine yoyote. Anauliza Mungu yuko wapi. Anasema kitanda kimelowa machozi. Anasema rafiki zake wamemkimbia.

Zaburi 13 ina mistari sita tu. Mara nne Daudi anamuuliza Mungu, mpaka lini? Mara nne! Wewe ukiomba hivyo kwenye mkutano wa maombi, kuna mtu atakuvuta kando akwambie ukiri ushindi. Daudi alipeleka swali lile kwa mwimbishaji liimbwe na watu wote. Mwishoni anafika kwenye kuimba kwa furaha, ndiyo, lakini hakupitia njia ya mkato.

Na Zaburi 88 ni ngumu zaidi. Ni wimbo wa wana wa Kora, na neno lake la mwisho ni la giza. Haina "lakini." Haina haleluya ya kumalizia. Roho Mtakatifu aliiacha ndani ya Biblia hivyo hivyo. Kwa nini? Kwa sababu alijua kutakuwa na mtu, Jumapili fulani, kanisa fulani, ambaye hapo ndipo alipofika, na angehitaji kujua kwamba hata kutoka hapo mtu anaweza kumwimbia Mungu.

Kuna dada mmoja wa hapa kwetu aliyeniruhusu niseme hili bila kumtaja. Ni fundi wa nguo. Mwezi wa tano alimzika mume wake. Baada ya arobaini akarudi kanisani, ila mkaribishaji mmoja akagundua kitu. Kila Jumapili alikuwa anafika saa nne unusu, wakati sifa zimekwisha na mimi nakaribia kusimama. Mtu angedhani amepoa. Tulipomtembelea akasema, "Pasta, nyimbo ni nzuri, sizikatai. Lakini kwa sasa hazina mahali pa mimi kukaa. Watu wote wanaruka, na mimi nikisimama nimetulia naona kama ninawaharibia."

Hazina mahali pa mimi kukaa. Washirika, nimetembea na neno hilo tangu mwezi wa sita.

Ushirika wa nyumbani wa mtaa wao ukaamua kwenda kwake kila Jumanne. Hawakwenda na spika. Akina mama watano, wazee wawili, chai. Walisoma Zaburi 13. Walikaa kimya. Kisha mama mmoja akaanzisha utenzi wa polepole, chini chini, na kama dada alitaka kulia alilia, hakuna aliyemharakisha. Jumanne kwa Jumanne. Mwezi wa kumi alianza kufika kanisani saa tatu. Mwezi wa kumi na moja, Jumanne moja, wakiwa wanangoja maji yachemke, yeye mwenyewe akaanzisha pambio. Hakulipigia makofi. Aliliimba tu akiwa ameshika vikombe. Bado analia siku nyingine, aliniambia niwaambie hivyo, msidhani amemaliza. Lakini anaimba.

Huko ndiko kukua ninakokuzungumzia leo. Hakukurukwa hatua. Alipita kwa Daudi wa mpaka lini, akashikwa mkono na utenzi, akafika kwa pambio. Kama kanisa lina pambio peke yake, mtu kama huyu anabaki kwenye lango mpaka sifa ziishe. Kwa hiyo mimi na timu ya sifa tumekubaliana: kuanzia Januari, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, tutakuwa na wimbo mmoja wa maombolezo na zaburi moja itakayosomwa polepole, taa zote zikiwa zimewaka, na hakuna atakayeulizwa kwa nini hachezi. Naomba mpige makofi kwa hilo. Ama msipige. Mtu asipopiga, mwache.

4. Wimbo wa mwenzako: mwalimu wa upendo

Sasa tufike kwenye ile vita yetu ya kila mwaka. Wazee wanasema vijana wameleta disko kanisani. Vijana wanasema wazee wanataka tuabudu kama tuko matanga. Wa ibada ya kwanza hawawezi kukaa ibada ya pili.

Niwape hadithi ya mtu mwingine wa Chicago. Anaitwa Thomas Dorsey, mtoto wa mhubiri, aliyezaliwa Georgia mwaka 1899. Alikuwa mpiga piano wa bluzi, muziki wa baa, wa watu weusi waliokuwa wakiimba taabu zao. Alipomgeukia Mungu, vidole vyake havikubadilika. Akaanza kuandika nyimbo za injili zenye sauti ile ile ya majonzi na mdundo ule. Makanisa mengi makubwa yalimkatalia. Walisema huo muziki umetoka pabaya.

Agosti 1932 Dorsey alikuwa kwenye mkutano wa injili mjini St. Louis alipoletewa simu ya maandishi: mke wake, Nettie, amefariki akijifungua. Alirudi nyumbani, na muda mfupi baadaye mtoto naye akafa. Katika siku hizo za giza akaandika wimbo wa kumwomba Bwana amshike mkono, Precious Lord. Mwaka 1968 Mahalia Jackson aliuimba kwenye mazishi ya Martin Luther King. Makanisa yale yale ya aina iliyomfungia mlango yakaja kuuimba wimbo wake yakizika wapendwa wao.

Mzee wangu, kuwa mwangalifu unapofunga mlango. Pengine sauti unayoikataa leo ndiyo Mungu anayoiandaa kwa siku yako ya msiba. Pima maneno, ndiyo. Kama wimbo unamdanganya Mungu ama unamdhalilisha binti wa watu, mlango ufungwe na kufuli juu. Lakini usifunge kwa sababu tu ngoma haikupigwa hivyo ulipookoka.

Na wewe kijana, usiwacheke wazee. Mnawasikia wakiimba Tukutendereza. Hayo maneno ni ya Kiganda. Uamsho wa miaka ya 1930 ulianza Rwanda ukapita Uganda, ukafika kwetu Kenya na Tanganyika, na wimbo huo ukasafiri nao. Mkikuyu akauimba, Mluhya akauimba, Mkamba akauimba, bila kutafsiriwa. Walipokutana njiani na kuusikia, walijua huyu ni ndugu, hata kama hawawezi kusalimiana vizuri. Katika nchi ambapo jina la mtu la pili linatosha kumnyima mtu nyumba ya kupanga, wazee hao walikuwa na wimbo wa lugha isiyo yao, na wakaupenda.

Rudi kwa Wakolosai 3:16. Paulo anasema tunafundishana na kuonyana kwa nyimbo hizo. Tunafundishana! Kwa hiyo wimbo unaoimbwa hapa mbele haukuchaguliwa kwa ajili ya kunifurahisha mimi peke yangu. Pengine Jumapili hii si zamu yangu. Pengine huu ni wa yule mama aliyeketi safu ya nyuma. Nikiuimba kwa moyo, ingawa si aina ninayoipenda, nimemsaidia kubeba mzigo wake. Mtu aliyejifunza kuuimba wimbo wa mwenzake kwa moyo mweupe, huyo amekua. Hata kama hesabu ya simu yake haionyeshi.

Kipimo cha Amosi

Kabla hatujafunga, kuna neno moja ambalo nisipolisema nitakuwa nimewapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Amosi 5, kuanzia mstari wa 23. Mungu anawaambia watu wake waondoe kelele za nyimbo zao, hataki kusikiliza vinanda vyao. Mungu wa Zaburi 150 anaziba masikio! Kwa nini? Walikosea noti? Hapana. Soma mstari unaofuata na sura yote. Maskini walikuwa wanakanyagwa na hukumu ilikuwa inauzwa mlangoni. Mungu alitaka haki itiririke kama mto usiokauka.

Basi tukihesabu nyimbo za mwaka, tuhesabu na hili. Kama nimeimba mwaka mzima na msichana anayenifulia nyumbani hajalipwa miezi miwili, nimeimba nini? Kama naongoza sifa na ratili yangu sokoni imechezewa, masikio ya Mungu yamezibwa. Kama nimelia kwa utenzi wa msamaha na ndugu yangu wa tumbo moja hatusalimiani kwa sababu ya shamba, utenzi haujafika. Uliishia kooni.

Wimbo ni shahidi, Mungu alimwambia Musa. Na shahidi anaweza kusimama upande wako ama dhidi yako. Yale maneno yote tuliyoimba mwaka huu kuhusu neema, kuhusu upendo, kuhusu kumpa Yesu vyote, yameandikwa. Heri kuyafanya kweli sasa, siku zimebaki chache lakini zimebaki. Aliye na deni la mfanyakazi alipe kabla ya kesha. Aliye na simu ya kumpigia ndugu yake apige leo mchana, kabla chakula hakijapoa.

Ya kufanya nyumbani

Kila familia ikae pamoja wiki hii na kuchagua nyimbo nne za mwaka ujao: pambio moja, utenzi mmoja wa beti zote, zaburi moja ya maombolezo, na wimbo mmoja wa kizazi kingine ama wa lugha nyingine. Watoto wachagulie wazazi wimbo mmoja, na wazazi wachagulie watoto mmoja. Ziandikwe na kubandikwa ukutani. Lengo ni zikaririwe kabla ya Pasaka, ziwe ndani, ili stima ikipotea ziwake.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni wimbo gani uliokushika mkono mwaka huu, na ulikufundisha nini kumhusu Mungu?
2. Soma Zaburi 13 kwa sauti. Je, katika ushirika wetu mtu anaweza kuomba hivyo bila kunyamazishwa?
3. Ni nani katika mtaa wetu anayefika wakati sifa zimekwisha? Tutamtembelea siku gani?
4. Kwa kipimo cha Amosi 5, ni jambo gani ninalopaswa kulitengeneza kabla mwaka haujaisha?

Ombi

Baba, asante kwa nyimbo ulizotuwekea kinywani mwaka huu, za makofi na za machozi. Wafariji ambao bado hawawezi kuimba, na utufundishe kukaa nao mpaka waweze. Tusamehe pale midomo yetu ilipokwenda mbele na mikono ikabaki nyuma. Mwaka unaokuja, neno la Kristo likae ndani yetu kwa wingi, na watoto wetu wasikie tukiimba kilicho kweli. Katika jina la Yesu Kristo, amina.